Nyayo za Matope Kwenye Ngazi ya Bibi Häberle

Gerbergasse 9,
Hinterquellen.

Ndugu Mtayarishaji wa tamthilia ya mauaji ya Jumapili,

Kosa wanalolifanya watazamaji wengi wa tamthilia yenu ni kumtafuta muuaji. Muuaji hupatikana tu. Ndiyo kazi mnayolipiwa. Sisi wa Hinterquellen, ambao mmekuwa mkituua kwa misimu mitatu, tunatazama mambo mengine. Naomba mniwie radhi nikiyaeleza polepole. Nilifundisha jiografia miaka thelathini na sita, na mazoea hayo hayaniachi.

1. Katika kipindi kilichopita, mfanyabiashara wa divai aliuawa Ijumaa ndani ya jengo letu. Muuaji akapanda ngazi na buti zenye matope. Jumanne Inspekta Vollrath alifika, akayakuta matope yaleyale, akayapima, akasifiwa na mkubwa wake. Ndugu Mtayarishaji, katikati ya Ijumaa na Jumanne kuna Jumamosi. Katika jengo letu hakuna tope lililowahi kuiona Jumamosi jioni. Hata hivyo mmewaonyesha wapangaji wawili wakiliruka na vikapu vya sokoni, wakizungumzia hali ya hewa. Binadamu kumuua mwenzake, hilo limeandikwa tangu Kaini. Kuruka tope na kuendelea na safari, hilo sijalisoma popote.

2. Inspekta aliwahoji watu tisa, wala hakumuuliza hata mmoja zamu ya kufagia ilikuwa ya nani. Jibu lilikuwa mbele ya pua yake. Kwetu mwenye zamu ya wiki huning'iniziwa kibao mlangoni. Jumamosi akishapiga deki ngazi, hukihamishia mlango wa jirani. Kamera yenu ilitua juu ya kibao hicho kwa sekunde nne nzima, na chini yake jina likasomeka vizuri: Häberle.

Bibi Roswitha Häberle ni mjane wa miaka sabini na mmoja, jirani yangu wa mlango wa pili. Amefagia ngazi hii akiwa na mkono uliovunjika, umefungwa plasta. Siku ya kumzika mumewe aliwasimamisha wabeba jeneza hadi ngazi ikauke. Sasa nchi nzima imemwona mchafu. Muuza nyama anamwambia, "Bibi Häberle, nikufungie soseji tu, au na ufagio?" Kwenye kwaya, Gerlinde wa sauti ya pili akamgeukia katikati ya wimbo: "Shoga, viazi ulivyopanda kwenye ngazi vimeshachipua?" Tangu hapo haendi kwaya. Ameita gari la kuhamisha vyombo, na Jumamosi ijayo anakwenda kuishi kwa binti yake Bremen, ambako nasikia ngazi huoshwa na kampuni. Aliniambia, "Mwalimu, afadhali nikafie mahali wasiponijua." Mmeua watu kumi na wanne katika mji huu, nasi tulinyamaza. Huyu wa kumi na tano tunamkatalia.

3. Kwa hiyo naomba kipindi kirudiwe. Muuaji, kabla ya kutoroka, aonekane akijaza ndoo na kupiga deki ngazi kuanzia juu kushuka chini, pembe zote. Najua jambo hilo litamchelewesha, na huenda polisi wakamkamata dakika ya kumi na mbili. Dakika zitakazobaki zitumike kuwaonyesha vijana namna ya kukamua tambara. Inspekta Vollrath naye aje kwangu wiki mbili kwa mafunzo. Kitanda kipo.

4. Muongozaji wenu ameliambia gazeti la hapa kwamba hawakuongeza chochote, kwamba matope na kibao "tulivikuta hivyohivyo". Haya ni matusi kwa jengo zima. Niko tayari kusimama mbele ya hakimu yeyote nimwambie usoni kwamba anasema uongo.

Wasalimieni wapiga picha, wapaka poda, na yule bwana aliyelala sakafuni kwa saa tatu akiwa maiti bila kupiga chafya. Salamu pia kwa mkeo na kwa wote nyumbani.

Wako mwenye subira,
Eberhard Nägele,
mwalimu mstaafu.

Nyongeza: Nimeisoma barua hii kwa sauti, kama nilivyokuwa nikiwaagiza wanafunzi wangu, na imenishinda kwenye namba nne. Muongozaji hakusema uongo. Wiki ile zamu ilikuwa yangu. Ijumaa nilikuwa natoka bustanini, nikasikia mmekuja kupiga picha na mnatafuta watu wa kusimama nyuma ya Inspekta pale sokoni. Nikapanda mbio na buti zangu kubadili koti, na ili tope lisiwe na jina langu, nikakitundika kibao kwa jirani siku moja kabla ya wakati wake. Nyayo alizozipima Inspekta ni zangu. Nimegonga kwa Bibi Häberle mara tatu nimwambie. Mara tatu amenikaribisha ndani, nami nimetoka na kipande cha keki ya plamu na ulimi uleule mzito. Namba yake ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha. Mpigie leo, ila si kati ya saa saba na saa tisa mchana, maana hupumzika, umwambie ilikuwa zamu ya Nägele.