Nani Avue Kofia Kwanza

Ngome ya Trottwitz, Saksonia
9 Machi 1858

Bwana Mhariri mheshimiwa,

Baada ya kukutakia afya njema, naomba nafasi gazetini mwako nishitaki kitu kinachoiangamiza Ulaya, yaani sabuni. Mshitakiwa ni Bwana Traugott Lindner. Babake alikuwa akichemsha mafuta ya ng'ombe uani. Yeye leo ana kiwanda, fimbo ya kutembelea na kitambi.

1. Usafi. Zamani pua ilitosha kumtambua mtu wa ukoo bora. Leo hata seremala ananukia waridi. Juzi katika kituo cha reli mgeni mmoja alinikabidhi sanduku, mimi, Baroni wa kumi na moja: "Mzee, lifikishe hotelini, chapuchapu." Nililifikisha kwa kuwa njia ilikuwa moja.

2. Sebule. Akina Lindner wana sebule yenye piano, nayo hufungwa kwa ufunguo wiki nzima. Viti vimevishwa mashuka, na wenyewe wanakula jikoni wamebanana. Nilipomuuliza mkewe, Bibi Ottilie, sebule hiyo ni ya nini, alijibu bila haya: "Ya wageni, Baroni. Sisi si wageni." Mimi nina vyumba thelathini na viwili, na vyote viko wazi, hasa upande wa paa.

3. Kofia. Hapa ndipo roho inaponiuma. Kila mtu anajua kwamba katika matembezi ya Jumapili, baada ya ibada, mdogo humvulia mkubwa kofia kwanza. Jumapili iliyopita nilikutana na Lindner, nikasimama kungoja haki yangu. Mkono wangu ukainuka bila idhini yangu. Mji mzima uliona. Muuza nyama akapaza sauti: "Kumekucha, jamani! Baroni kamwamkia fundi sabuni!"

4. Binti yangu Adelgunde anataka kuolewa na mtoto wa Lindner, mwanasheria. Nilimkumbusha kwamba mababu zake walipigana Vita vya Msalaba. Akasema, "Baba, nimechoka kulala na koti. Kwao kuna moto." Niliumia zaidi kwa sababu alikuwa akinifunga shali yake shingoni.

Kwa hiyo naomba halmashauri ya mji iamuru kwamba watengeneza sabuni wavue kofia hatua ishirini kabla ya kunifikia, piano zifungiwe maghalani, na joto la nyumbani ligawiwe kwa kufuata ukoo. Heshima ikishapatikana kiwandani, sisi tuliozaliwa nayo twende wapi?

Nisalimie mkeo, wapiga chapa wako, na yeyote anayenikumbuka bado.

Wako mwenye majonzi,
Leberecht, Baroni wa Trottwitz

Tanbihi: Arusi ni Alhamisi. Tafadhali itangaze ukurasa wa kwanza, jina la Lindner litangulie. Nami nitahamia kwao siku hiyohiyo. Nilidai nipewe ile sebule, kama inavyostahili cheo changu. Bibi Ottilie akasema, "Humo kuna baridi, mkwe. Njoo jikoni, tutasogea." Nilivua kofia.