Anatafutwa Afisa Maadili

Bwana mmoja aliyeitwa Profesa, ingawa darasa la saba lilimshinda, aliliona tangazo kwenye mlango wa kampuni ya bima akasahau alikokuwa akienda. Anatafutwa afisa maadili, usaili leo saa sita. Na kwa kuwa meneja alikuwa mgonjwa wa mafumbo, mtihani wenyewe ni fumbo la maneno. Kazi hiyo Profesa aliihitaji kufa na kupona. Asubuhi mkewe alimwambia wazi: "Baba watoto, ikifika jioni huna kazi ya kueleweka, mimi narudi kwetu."

Saa nne alikuwa mbele ya meza ya mama mchapaji, aliyeuchapa mtihani huo.

"Mama yangu, nisaidie majibu tu. Mke ataniacha."

"Na mimi nikifukuzwa, mwanangu?" mama alisema, huku akiitazama saa ya mkononi ya Profesa.

Saa ikahama mkono, karatasi ikahamia mfukoni mwa Profesa.

Mtu mwenye haya angeridhika hapo. Profesa alinakili majibu, akawauzia waombaji wenzake sita, mmoja mmoja, kila mmoja akiapa kufunga mdomo. Ila penye "Mkubwa kujichotea mali ya umma, herufi saba", aliondoa UFISADI akawawekea UKARIMU. Wao wakwame, yeye apite. Alijipenda sana saa ile.

Wakaingia, wakajaza. Meneja akasahihisha palepale.

"Watu sita mmeandika ukarimu? Tokeni!"

Wakatoka wakimtolea Profesa macho. Yeye akanyoosha tai.

"Na wewe, swali namba tatu. 'Kumpa bosi bahasha ili akupitishe, herufi tano.' Umeandika ADABU?"

Profesa alishangaa kwa dhati. Katika majibu yote ya mama mchapaji, hilo ndilo aliloliamini mara moja. "Sasa mzee, si ndiyo adabu yenyewe?"

"Ni hongo, bwana!"

Aliyepata yote ni jamaa mnene aliyefika wa mwisho. Alipotangazwa, alimgeukia mchapaji akainama: "Ahsante, mama mkwe."

Profesa akaruka kitini. "Mkwe? Mzee, huu ni upendeleo!"

Meneja akaipitia karatasi ya Profesa. "Kweli, namba nane. Hilo ulilipata."

Nje wale sita walikuwa wamekunja mikono ya mashati. Profesa aliomba akae ndani mpaka watawanyike, akakaa hadi jioni ikaingia, na mkewe akaenda kwao.