Benki Tatu za Twahiru

Twahiru alikuwa na tai moja ya shingoni, dola mia mbili na ishirini, na mke, Saumu, aliyechoka kulala sebuleni kwa shemeji. Mwenye nyumba ya Katindo, mjini Goma, alitaka garantie, amana ya kupangia nyumba, ya dola mia tatu kabla ya jioni, la sivyo angewapa wengine. Ndipo Twahiru, karibu na mpaka wa Gisenyi, akamwona mama mmoja wa Kibumba akigeuzageuza karatasi ya benki.

"Mama, umetumiwa feza?" aliuliza, kwa sauti yake ya ofisini.

"Mutoto wangu wa Bruxelles," alijibu Mama Nyirakamana. "Dola mia tatu. Zimefika leo ku konti yangu ya banki, pale ng'ambo Gisenyi."

Twahiru akatikisa kichwa kwa majonzi ya mtu aliyelipwa kulia msibani. "Pole sana. Hizo zinapita mu banki tatu, mama. Ya kwanza inakata makumi tatu, ya pili makumi tatu, ya mwisho makumi mbili. Na kupanga mustari mupaka miguu ivimbe! Miye nakupa mia mbili na kumi sasa hivi, unanisainia procuration, ile karatasi ya ruhusa, nizitoshe mule banki kwa jina lako, hasara inabaki yangu."

Benki hizo tatu alizitunga papo hapo, na kwa ile ya tatu aliona haya kidogo.

"Ongeza kumi, papa."

Akaongeza. Faida ya themanini, garantie imetimia! Alivuka mpaka akipiga mluzi, akapanga mstari kwa saa mbili nzima.

Dirishani, karani aliyeitwa Christa alisoma kompyuta bila haraka. "Mutumaji alichagua gharama zote zilipwe na mupokeaji. Bruxelles walikata thelathini na tano. Banki mbili za katikati, ishirini na nane kila moja. Siye, ishirini na mbili. Inabaki mia moja na themanini na saba."

"Wezi nyie!" alilia Twahiru, na kwa mara ya kwanza maishani neno hilo lilimtoka moyoni.

Alirudi Goma na uchungu wa kweli. Saumu angemwambia nini? Alidanganya kwa uwezo wake wote, na bado benki zilimzidi kwa dola thelathini na tatu.

Mama Nyirakamana alikuwa palepale, amechangamka, na kando yake wamama wawili, kila mmoja na karatasi yake mkononi.

"Ni huyu," aliwaambia. "Banki inaniachiaka mia moja na themanini na kitu, kila mwezi. Huyu papa iko na huruma. Anakata kidogo."