Rangi ya Bluu kwenye Tundu la USB

Jumatatu, 3 Machi
Dada yetu anasafiri Jumamosi asubuhi kumfuata mumewe ng'ambo. Hatarudi kwa miaka, huenda mitano. Hataki zawadi. Anataka kitu kimoja tu: nakala ya video za marehemu baba, zote, kuanzia harusi ya dada mwenyewe hadi mwaka ule wa mwisho, baba akiimba huku anamwagilia nyanya. Video ziko kwenye diski ya nje, na diski iko kabatini kwangu tangu msiba. Mimi ndiye kifunguamimba.

Mama akasema mbele ya watu wote kazi hiyo apewe kitindamimba, maana ndiye fundi kompyuta. Nikasema kunakili ni kunakili, hata mimi nina kompyuta kazini. Mama akaguna. Guno lile nalijua tangu utoto. Safari hii atanikoma.

Jumanne, 4 Machi
Nimechomeka diski mbili, ya baba na mpya ya dada, kwenye kompyuta yangu dukani, ile ninayoandikia risiti za saruji na misumari. Kompyuta ikasema kunakili kutachukua muda wa saa nane na nusu. Nikadhani inanitania. Bosi ana sheria yake: saa sita kamili mchana anazima swichi kubwa, tunafunga, tunakwenda kula. Nilianza saa mbili asubuhi. Saa sita ikanikuta njiani. Nikaanza upya saa nane, saa kumi na moja tukafunga. Haba na haba hujaza kibaba, lakini si kibaba kinachomwagwa kila mchana.

Jioni nikapita kibandani kwa mdogo wangu, kumsalimia tu. Uongo. Nilikwenda kuchungulia. Alikuwa akimweleza mteja, mama mmoja mshonaji, kwamba kwa kawaida tundu la USB lenye ulimi mweusi ni la zamani na la polepole, na lenye ulimi wa bluu ni toleo la tatu, lina kasi hata mara kumi. Halafu akasema "lakini". Hiyo lakini sikuingoja. Nilikuwa nimesikia ya kutosha.

Jumatano, 5 Machi
Matundu ya kompyuta yangu yana ulimi mweusi. Mke wangu ana rangi ya kucha ya bluu. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Nimepaka matundu mawili, taratibu, bila kumwaga. Nikayapuliza. Nikachomeka.

Diski haikuonekana kabisa! Nikachomoa, nikachomeka kwa nguvu. Wapi. Printa ya risiti nayo ikanyamaza, maana tundu la pili lilikuwa lake. Wateja wakaandikiwa risiti kwa mkono siku nzima. Mtunza stoo, ambaye hanipendi, akauliza kwa sauti kwa nini ofisi inanuka saluni. Bosi akainama, akachungulia tundu, akanitazama, akachungulia tena. Afadhali angenifokea.

Nyumbani mke wangu anatafuta chupa yake. Nimemsaidia kutafuta.

Alhamisi, 6 Machi
Nimembembeleza keshia anipishe kompyuta yake mpya, yenye bluu ya kiwandani. Nikachomeka. Saa nane na nusu. Nikasoma mara tatu. Bluu halisi, na bado!

Nikaitazama kebo. Ile iliyokuja na diski ya baba ilipotea zamani, kwa hiyo natumia ya kuchajia simu yangu ya kale. Inaingia vizuri, ila inajaza nusu tu ya tundu la diski. Nusu nyingine nilidhani ni ya kupitishia hewa.

Nimekaa uani nikifikiri. Kesho ndiyo siku ya mwisho. Nikimpa dada nusu ya video, ataondoka na nusu ya baba, na kosa litakuwa langu. Mke wangu amesema nimpelekee mdogo wangu, kumwuliza mdogo hakumvunji mtu mguu. Nimeshindwa hata kula.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeomba ruhusa ya mchana. Bosi amenipa upesi kuliko nilivyotarajia.

Nilikwenda kwa mdogo wangu nimejiandaa kuchekwa. Hakucheka. Akatoa kebo yenye kichwa kipana, ikajaza tundu lote. Akanieleza polepole: kuna tundu, kuna kebo, kuna kifaa. Kipya na cha zamani mara nyingi hupokeana, ila vyote vitakwenda mwendo wa kile kilicho kizito kuliko vingine. Kebo yangu ya simu ndiyo iliyokuwa ikivichelewesha vyote. Nikaitikia kama mtu aliyekuwa anayajua hayo. Kompyuta yake ikasema: muda wa saa mbili na nusu.

Tukingoja, akafungua video moja. Baba anapanga viatu mlangoni, anamwuliza anayempiga picha kama mashine inasikia na maneno. Mdogo wangu akairudisha mwanzo, akaitazama tena.

"Kaka," akasema, "sijaisikia sauti ya mzee tangu tumzike. Miaka minne."

Nikamwuliza kwa nini hakuomba diski.

"Iko kwa mkubwa. Ningeanzia wapi?"

Nikakosa pa kuyaweka macho. Miaka minne nimeilinda diski ile na kujiona mwangalizi mwema, kumbe namnyima ndugu yangu baba yake. Inaniuma hata sasa ninapoandika.

Jumamosi, 8 Machi
Dada ameondoka na video zote. Alitukumbatia sote wawili kwa pamoja, akalia, nasi tukalia.

Mdogo wangu akasema niiache diski kwake, atajinakilia mwenyewe. Nikakataa. Nimemkosesha miaka minne. Nakala yake nitaitengeneza mimi, nimpelekee hadi mlangoni. Akaniazima kebo yake ya kichwa kipana. Akanisihi niitumie hivyo hivyo ilivyo.

Jioni nimeipima. Ina urefu wa mkono wangu mzima. Nimewaza sana, tena kwa unyenyekevu. Somo la jana nimelielewa: kinachochelewesha ni kebo. Sasa, safari yote hii ndefu ya video ndani ya waya ni ya nini, na mdogo wangu amengoja vya kutosha? Nikitoa kipande cha katikati na kuunga ncha mbili, atampata mzee kwa nusu ya muda. Nimeazima koleo kwa jirani, na nimeshakata.