Magari Yaliyovuka Daraja Wakati wa Saladi

Itangazwe kwa taadhima, kuanzia Sofia hadi mpaka wa Ugiriki, kwamba Spas Kolibarov, muuza magari wa mji wa Dupnitsa, Bulgaria, hajawahi kumdanganya mteja hata mmoja. Kabla ya kahawa ya asubuhi, yaani. Akishakunywa, shika mfuko wako.

Spas alikuwa na yadi mbili, moja kila upande wa mto, zilizojaa magari ya kampuni moja ya Sofia. Zilijaa zamani. Kazi yake ilikuwa kuyatunza, kuyauza na kupeleka fedha. Kutunza aliweza, kuuza aliweza sana. Kupeleka ndiko kulikomshinda, maana binti yake aliolewa, na harusi ikatafuna nusu ya magari. Sasa kampuni imepiga simu: mkaguzi atakuja wiki hii kuhesabu. Yakikosekana magari, nyumba ya Spas, iliyowekwa dhamana, imekwenda.

Mwingine angelia. Spas aliutazama mto, akalitazama daraja, akatabasamu.

"Shemeji," alimwambia Gencho, kaka wa mkewe, "magari yaliyobaki yanajaza yadi ngapi?"

"Moja. Tena kwa kuyatawanya."

"Basi yatajaza mbili. Mkaguzi ahesabu huku, mimi nimpeleke kula. Wewe na wadogo zako mbadili vibao vya namba, myavushe ng'ambo."

"Na akila harakaharaka?"

"Saladi na glasi za rakia kali? Mbulgaria anayeharakisha hivyo viwili hajazaliwa."

Mkaguzi alifika mosi Machi: mwanamke mwenye koti la kijivu na miwani mizito, akajitambulisha kwa jina la Bi Rumyana. Alihesabu kwa kidole, polepole, kama mwalimu wa zamu bwenini. Kisha akatoa mkobani nyuzi za heri za Machi, zilizosokotwa, nyekundu na nyeupe, akafunga moja kwenye kioo cha pembeni cha kila gari.

"Martenitsa zenu," aliyaambia magari. "Muwe na afya njema."

Spas alifurahi moyoni. Mtu anayeyatakia heri magari ya mitumba ni mtu wa kulishwa tu.

Wakaenda kula. Bi Rumyana alisifu jibini, akauliza habari za harusi, akaongezewa rakia. Spas alisimulia mpaka koo likakauka, naye akalilowesha. Hatimaye wakavuka daraja.

Magari yalikuwa yamepangwa, yanang'aa, yana namba nyingine kabisa. Na kwenye kila kioo uzi ulikuwa unapepea, mwekundu na mweupe.

Spas alimkokota Gencho nyuma ya gari.

"Mbona hukuzikata, punguani wewe?"

"Nikate martenitsa? Kabla sijaona hata korongo mmoja wa masika? Huo ni mkosi. Shemeji, mimi nina watoto!"

"Ungezifungua!"

"Mdogo wangu Mladen aligusa moja tu, akapiga chafya papo hapo. Tukamwogopa Mungu."

Spas alinyanyua mkono ampige kofi. Mkononi alikuwa na martenitsa yake mwenyewe, aliyofungwa na mkewe asubuhi, ambayo asingeivua hata kwa mtutu wa bunduki. Mkono ukashuka.

"Bwana Spas," aliita Bi Rumyana, "nyuzi zangu zina mbio. Zimenitangulia."

"Bi Rumyana, nina mke, nina nyumba..."

"Na mimi nina huruma. Nipe funguo zote. Nitaiambia kampuni nimeyarudisha magari yote, ya huku na ya ng'ambo, yakachanganywa na mengine Sofia. Nani atayahesabu tena huko? Hawa shemeji zako wayapeleke hadi kituo cha mafuta cha njia kuu. Madereva wangu wanangoja."

Spas alimbusu mkono, wa kulia na wa kushoto. Alijaza mafuta kwa fedha zake. Mkewe akamwaga maji mbele ya gari la kwanza ili safari iende kama maji. Ikaenda.

Kesho yake akashuka basini mzee mfupi mwenye mafua.

"Mimi ndiye mkaguzi," alisema akipenga kamasi. "Magari yako wapi?"

"Aliyachukua mkaguzi wenu. Mwanamke."

"Hatuna mwanamke."

Spas akaketi kwenye tairi. Akakumbuka jinsi Gencho alivyotangaza simu ile ya ukaguzi kwa kinyozi, na kinyozi kwa mji mzima, matapeli wakiwemo.

"Mzee wangu," alisema, "nusu niliiba mimi. Naapa. Nusu nyingine nimeibiwa. Tuliyahamisha wakati wa saladi, lakini alikuwa ameyafunga martenitsa, na shemeji hakukata kwa sababu korongo bado..."

Mkaguzi alimtazama kwa masikitiko.

"Bwana Spas, nilisikia wewe ni bingwa. Huna uongo bora kuliko huo?"

Spas akatafuta, akatafuta tena. Miaka yote ghala lake la uongo halikuwahi kupungua. Siku hiyo, kwa bahati mbaya, alikuwa amebakiwa na ukweli peke yake.