Gari Linalonywesha Simu

Jumatatu, 5 Januari

Kaeo anataka kununua gari. Tangu asubuhi nimeshindwa kutulia.

Si kwamba simtakii mema. Ana miaka ishirini na saba, binti yangu wa pekee, anazunguka mashamba ya nguruwe na kuku akiuza dawa za mifugo, kutoka hapa Phetchaburi hadi kule Prachuap. Gari la kampuni linakohoa kuliko hao nguruwe. Shida yangu ni simu. Akienda mbali tu, inazima. Mara tatu mwezi uliopita! Mimi nipo hapa kando ya barabara kuu na meza yangu ya keki za mayai na sukari ya mvumo, ule mti unaofanana na mnazi, napiga, napiga, naambiwa nambari haipatikani. Mara ya tatu nilishafika mbali. Nilishachagua picha ya kuweka mbele ya jeneza. Ile aliyovaa blauzi ya njano. Saa kumi na moja jioni akaingia mwenyewe, mzima, akauliza kuna nini cha kula.

Sasa anataka pikapu iliyotumika. Ina nguvu, anasema.

Leo Dada Lamduan wa meza ya pili (anauza keki kama zangu, ila zangu zina tui la kweli) kanisimulia gari la mwanawe Somkhit. Eti lina kisahani karibu na usukani. Unalaza simu pale, waya hakuna, inajichaji. "Inanyonya tu, mdogo wangu, kama mtoto na mama yake."

Sikumwonyesha kwamba nimeshtuka. Niliendelea kufukuza nzi. Lakini mchana kutwa nimekuwa nikiiona simu ya Kaeo imelala kwenye kisahani, umeme unapanda polepole kama mvuke wa wali, simu inashiba, inacheua, haifi tena maisha. Nimeunguza trei nzima.

Jumatano, 7 Januari

Nimemwambia Lamduan naenda kung'oa jino. Nimekwenda duka la magari. Sketi ya hariri, viatu vya harusi, trei ndogo ya keki mkononi. Mtu asiende kwa watu mikono mitupu.

Muuzaji anaitwa Thirawat. Mtu mzima, tai imemkaba, mpole. Kanifungulia mlango kama mke wa mkuu wa mkoa. Ndani kunanukia upya! Nikauliza kile kisahani kinafikisha umeme wake mpaka wapi. Kiti cha nyuma? Ndani ya mkoba? Je, simu ikiwa mfukoni mwa mtu mnene? Akanieleza yote bila kucheka. Simu lazima ilale palepale, katikati. Kava iwe nyembamba. Chuma hakitakiwi kabisa. Na haichaji haraka kama waya. Akasema wateja wengi huja wakidhani ni muujiza, wiki ya pili wanarudi wamenuna.

Hapo mimi nimeshika neno moja. Muujiza.

Nikaweka simu yangu ya vitufe. Kimya. Akasema taratibu kwamba ya kwangu haikuumbiwa mdomo wa kunyonyea, ila ya binti yangu, nilivyomweleza, inao. Nikataka kufunga mkanda, nikaitua trei ya keki juu ya kisahani. Taa nyekundu! Mlio! Thirawat akainyanyua kwa mikono miwili.

"Hiyo haichajiki, Mama."

Lakini alikula vipande viwili. Nikafumba macho kidogo tu, nione Kaeo anavyoendesha: mivumo inapita dirishani mmoja mmoja, na sauti yake masikioni mwangu, haikatiki. Nilipofumbua, ilikuwa saa sita mchana. Walikuwa wameniwashia kiyoyozi na kufunga mlango polepole.

Lamduan kauliza jino liko wapi. Nimesema wamelibakiza.

Ijumaa, 9 Januari

Mpango wa kwanza: hekaluni. Nimemwomba Mtawa Chaem amwambie Kaeo kwamba aliyezaliwa Jumanne hapatani na pikapu. Mtawa kasema yeye hutabiri mvua tu, na hata hiyo hukosea. Kanipa chai, kaniaga.

Mpango wa pili: kugoma kula. Kaeo karudi, kaniandalia samaki na mchuzi wa pilipili ninaoupenda. Nikageuza uso ukutani. Nikamwambia mama asiyesikilizwa hana njaa. Akaniondolea punje ya wali kidevuni.

Ni kweli nilikuwa nimekula. Nyuma ya sufuria ya sukari, kwa kujificha. Mgomo mrefu unahitaji nguvu.

Kaeo kacheka mpaka kaketi sakafuni. Halafu kaacha kucheka, kauliza hasa nataka nini. Nikamweleza kuhusu kisahani. Nikamweleza na ile picha ya mbele ya jeneza. Sikukusudia, ilitoka yenyewe. Akawa anakunja na kukunjua kitambaa cha meza.

"Sawa, Mama. Nitachukua hilo lenye kisahani." Akasimama, akaosha mikono. "Ila ile blauzi siipendi. Tafuta picha nyingine."

Nimeshinda! Nimekula tena, safari hii mezani.

Alhamisi, 22 Januari

Gari limefika. Jeupe, linang'aa kama jino la mtoto.

Mtawa Chaem kaja kulibariki, saa aliyochagua mwenyewe. Kachovya kidole kwenye ungaunga mweupe, katia nukta tisa darini, juu ya kichwa cha dereva. Kanyunyiza maji. Mimi nimefunga shada la yasmini kwenye kioo cha ndani. Lamduan kasema shada la Somkhit lilikuwa kubwa zaidi. Nikamjibu kwamba la Somkhit lilikuwa la plastiki.

Kisha Kaeo akalaza simu kwenye kisahani. Kitaa kikawaka kijani. Bila waya! Nililia mbele za watu. Harufu ya yasmini, maji yanatiririka kiooni, na ile simu imetulia pale inakunywa, inakunywa. Nilitamani nilale humo ndani niwe simu.

Lakini mawazo ya mama hayalali. Zile nukta tisa zinalinda gari. Simu inalindwa na nani? Nikanunua hekaluni hirizi tatu, zile za bati la shaba jembamba kama jani, zimeandikwa maneno matakatifu. Kaeo alipokuwa anammiminia mtawa chai, nikazipenyeza zote tatu kati ya simu na kava yake. Hazionekani. Sasa umeme ukipanda unapita kwanza kwenye baraka.

Na ule waya wake wa kuchajia nimeutoa mkobani. Mwenye kisima uani habebi maji safarini. Waya wenyewe mzuri, mgumu. Nimefungia majani ya migomba ya kuwekea keki.

Jumatatu, 26 Januari



Kaeo kaondoka asubuhi na mapema kwenda Prachuap. Simu ilikuwa na chaji nusu. Kasema itajaa njiani, si ndiyo maana ya kisahani? Nikampigia alipofika Cha-am, mji wa kwanza njiani, nikamuuliza kama amekula. Nikampigia Hua Hin, nikamuuliza kama amekula. Nikampigia katikati, kwa sababu kati ya miji pia watu hupata njaa. Saa nne nambari haikupatikana.

Nikasema mtandao. Saa tano nikasema milima. Saa sita akaja mteja. Nilimpa mteja chenji, akanirudishia, kasema nimempa kijiko.

Mchana Somkhit akaja kumletea mama yake barafu. Nikalikimbilia gari lake nione kisahani kinachofanya kazi kinakaaje. Nimekuta vijiti vya meno, sarafu na ndimu moja. Simu yake inaning'inia kwenye waya! Somkhit kasema kisahani kinapasha simu moto, na kwenye kona simu inateleza, alikiacha gari likiwa na miezi miwili tu. Lamduan akaanza kuyatazama mawingu kana kwamba ana jamaa huko. Siku nyingine ningefurahi wiki nzima. Leo sikuwa na pa kuiweka furaha.

Saa kumi Kaeo akaingia. Mzima. Ramani ilizima pamoja na simu, akapotea kwenye mashamba ya mananasi, akafika shambani kwa mteja kachelewa, nguruwe kashatibiwa na mtu mwingine. Kaja na mananasi manne na uso wa kunikunjia. Simu ilikuwa ya moto kama keki inayotoka tanurini. Akauliza waya wake uko wapi.

Nikamwonyesha. Majani ya migomba yalikuwa yamefungika vizuri sana.

Jumanne, 27 Januari

Tumempelekea Thirawat simu. Njiani nimemsema sana Thirawat, kwamba katuuzia kisahani kigonjwa. Kaeo alikaza macho barabarani.

Thirawat akaitazama simu, akaivua kava. Ikatoka hirizi ya kwanza. Ikatoka ya pili. Ya tatu ilikuwa imeng'ang'ania, akaibandua kwa ukucha. Akazipanga juu ya meza ya kioo, kwa heshima, maandishi yakiangalia juu. Shaba imegeuka rangi ya kahawia kwa joto.  Nikaona bora nitazame magari.

Akalaza simu tupu kwenye kisahani cha gari letu. Kijani. Kizima kabisa.

Halafu akamwonyesha Kaeo orodha ya simu za jana. Thelathini na nane, zote zangu. Akasema kwa upole uleule kwamba hata kwa waya, simu inayolia hivyo na kubeba ramani juu yake haifiki mbali. Nilidhani angalau yeye yuko upande wangu. Keki zangu amekula!

Kaeo akanigeukia. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonimaliza.

"Mama, unataka nipokee simu, au unataka nifike?"

Nikasema nataka vyote viwili.

"Kwenye usukani hakuna viwili. Nikipokea, mkono mmoja na akili nusu ni vyako. Nitakupigia nikifika. Nitakupigia kabla sijaanza kurudi. Hapo katikati niachie barabara."

Nikaapa. Mbele ya Thirawat, mbele ya shada la yasmini. Kaeo akachukua hirizi moja, akaifuta kwa pindo la blauzi, akaiweka kwenye pochi yake.  Nilitazama dirishani njia nzima, na mivumo yote ilikuwa na ukungu, sijui ni wa asubuhi au ni wa macho yangu.

Jumatatu, 2 Februari

Nimekuwa mtu mpya. Siku sita! Ijumaa alikwenda Hua Hin, sikumpigia hata mara moja. Niliikalia simu. Alipofika akanipigia mwenyewe, akaniambia amekula kabla sijauliza. Sauti yake ilikuwa imetulia. Nikaelewa. Mama anayependa huacha.

Ila leo ni Prachuap tena, kule kule. Na mama anayeacha haachi hivi hivi.

Kwetu, mtu akinunua gari la rangi isiyopatana na siku aliyozaliwa, halipaki upya. Hubandika maandishi nyuma: gari hili ni jekundu. Gari lenyewe jeusi tititi. Nuksi inasoma, inaamini, inaenda kutafuta jingine. Wala hakuna anayecheka. Jana nikawaza nikikoroga sukari: kama nuksi inaamini rangi, kwa nini isiamini na mengine? Nikaenda kwa mchora vibao. Nikamtajia maneno yangu. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Akayachora kwa herufi kubwa, na jana jioni Kaeo akiwa anaoga nikayabandika nyuma, chini ya kioo:

GARI HILI LIMESHAFIKA.

Limeondoka asubuhi nalitazama. Lilikuwa zuri ajabu, jeupe ndani ya ukungu, linakwenda na huku limeshafika. Ajali itafanya nini kwa gari lililokwisha kufika? Nimejisikia mwepesi. Nimekaa mezani pangu kama mtu anayeelea.

Kisha nikakumbuka kwamba Kaeo hajui. Akisimama kununua mafuta akayaona maandishi, anaweza kuyabandua, na baraka yote ikaishia kwenye pipa la taka. Ni lazima ajulishwe. Kumjulisha mtu si kumpigia. Thirawat mwenyewe angekubali.

Nimemjulisha. Hajapokea. Huenda hakusikia.

Nimeshamjulisha mara saba, na hata Cha-am bado hajafika.