Malalamiko Dhidi ya Tezi ya Mke Wangu

Kwa Daktari wa Homoni,
Kliniki, Ghorofa ya Pili.

Daktari mpendwa,

Pokea salamu za mtu mwenye vumbi la mbao hadi kwenye nyusi. Mimi ni seremala, mume wa yule mwalimu wa hesabu anayekuja kwako na daftari la maswali.

Miaka mitatu tulitafuta mtoto bila mafanikio. Ulipompima damu ukatueleza kwamba tezi yake ya thairoidi, iliyopo kooni, ni mvivu, na homoni inayotumwa na ubongo kuiamsha imepanda hadi tisa nukta sita, kama mzazi anayemwita mwanawe asiyetaka kutoka kitandani. Ukaandika kidonge cha kila asubuhi, ukasema namba ishuke chini ya mbili na nusu ndipo tujaribu tena. Nilikubali. Sikujua nakubali nini. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kidonge humezwa tumbo likiwa tupu, kisha ni dakika sitini bila chai. Mimi siumwi, lakini mume mwema hanywi mbele ya mkewe. Siku moja nilijiibia kikombe karakana. Nilipokwenda kumuaga akielekea shuleni, akanisogelea, akanusa, akasema, "Mume wangu, umetusaliti." Nilirudi kazini kama mwizi.

2. Dawa imefanya kazi kupita kiasi. Zamani mke wangu alikuwa anasikia baridi mchana kweupe na kusinzia juu ya madaftari ya wanafunzi. Sasa anaamka kabla yangu. Amepanga misumari yangu kwa urefu, ametundika randa ukutani, amefagia maranda ya mbao yaliyonizoea kwa miaka. Mteja mmoja aliingia, akaomba radhi, akatoka, akidhani amekosea mlango.

3. Kila baada ya wiki sita ni kipimo, na kila kipimo kinachorwa kwenye grafu iliyobandikwa mlango wa friji. Mama yangu alipotutembelea aliitazama akashika kifua. "Mwanangu, mbona inaporomoka hivi? Biashara imekufa?" Nikamwambia, "Mama, hapo ndipo penye furaha." Tangu siku hiyo ananiangalia kwa huruma.

4. Shangazi yangu alimuuliza mke wangu, mbele ya watu, tumefikisha watoto wangapi. Kwa mazoea akajibu, "Tatu nukta nane." Shangazi bado anasubiri maelezo kuhusu hiyo nukta.

5. Hili ndilo zito. Nilikuwa nimeshajifunza kutotarajia. Mtu akitaja watoto, nilikuwa nawasha mashine nisisikie. Kisha namba ikafika mbili nukta moja, ukatabasamu, ukatuambia tujaribu. Wiki iliyopita nilijikuta nimekata mbao, nimezipiga msasa mpaka zikawa laini kama shavu, nimeunga nguzo nne. Kitanda cha mtoto, Daktari! Hakuna mteja aliyekiagiza. Nimekifunika turubai na kila anayeuliza namwambia ni kabati. Nani atawajibika kwa matumaini haya?

Kwa hiyo naomba kwa heshima, ama urudishe uvivu wa tezi hiyo angalau siku za Jumapili, ama uniandikie na mimi kidonge cha kutuliza moyo. Ikishindikana, tezi yenyewe iitwe ofisini kwako ijieleze mbele yangu, na mimi niruhusiwe kuiuliza ilikuwa wapi miaka yote mitatu.

Nisalimie nesi wa maabara anayesema "nitakufinya kidogo tu", mpokea wagonjwa, na mlinzi wa getini ambaye siku hizi anatuita wafanyakazi wenzake.

Ni mimi, niliyechoshwa na afya njema ya mke wangu,
Seremala.

N.B. Nilikuwa naifunga bahasha mke wangu alipoingia karakana akasema, "Zima msumeno." Ulikuwa umezimwa. Akanionyesha kipimo cha mkojo: mistari miwili. Nilikaa sakafuni. Anasema uliagiza siku hii ikifika tusingoje miadi, maana huenda dozi ikahitaji kuongezwa. Tunakuja sasa hivi. Ukiona inafaa iongezwe, iongeze, Daktari, usiogope! Malalamiko yote hapo juu yafutwe. Aliyeyaandika simjui vizuri. Hakuwa baba wa mtu.